Je, umlipe kocha wa biashara? Mwongozo kwa wenye biashara ndogo wa Karatu na Ngorongoro

Biashara nyingi ndogo za Karatu na Ngorongoro hujiendesha kwa akili ya mwenye nayo peke yake. Mwenye duka, mama lishe, fundi magari, mchuuzi wa vitunguu kutoka Mang'ola au mama anayetengeneza shanga za kuuzia wageni hununua, huuza, hukopesha, hudai na kupanga bei bila mtu wa kumuuliza. Ndiyo maana watu wanaojiita makocha au washauri wa biashara wanapata wateja. Wanaahidi kukaa na wewe, kuangalia biashara yako na kukusaidia ikue, kisha unawalipa ada.

Je, ulipe? Katika makala haya tunaeleza kocha wa biashara ni nani, anaweza kusaidia nini na hawezi nini, tafiti zimeonyesha nini, na namna ya kupiga hesabu kabla ya kutoa fedha. Kwa ufupi, usimlipe mtu kabla hujajua biashara yako inaumwa nini. Ukishajua, mara nyingi utakuta msaada unaouhitaji unapatikana bila ada au kwa ada ndogo. Pale ambapo ada kubwa inastahili, utajua unalipia kitu gani.

Kocha, mwalimu, mshauri na mlezi

Majina haya huchanganywa, lakini kazi zake si moja.

Mwalimu wa ujasiriamali hufundisha watu wengi kwa pamoja: kutunza kumbukumbu, kupanga bei, kuweka akiba. Anachofundisha ni kilekile kwa muuza mboga na kwa mwenye gereji.

Mshauri huangalia biashara moja, huona tatizo, hukuambia la kufanya na kuondoka.

Kocha hukaa na mtu kwa muda. Hakupi majibu yote. Anakuuliza maswali, mnaweka malengo, kisha anarudi kuangalia kama umefanya ulichosema utafanya.

Mlezi ni mfanyabiashara mzoefu anayemshika mkono mdogo wake katika kazi. Mara nyingi hadai fedha. Kwetu huyu amekuwapo siku zote, ingawa hatumpi cheo: ni shangazi mwenye duka la siku nyingi, au mzee wa mnadani anayejua ng'ombe wa kununua na wa kuacha.

Mtu yeyote anaweza kujiita kocha. Ni tofauti na uhasibu, ambao unasimamiwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Ni tofauti pia na ushauri wa kodi, ambao anayeufanya anatakiwa kutambuliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Kwa hiyo kocha akianza kukushauri mambo ya kodi au kukutengenezea hesabu za mwaka, una haki ya kumuuliza kibali chake.

Jua kwanza inaumwa nini

Biashara ndogo inayoyumba huwa na moja kati ya matatizo manne, au yote kwa pamoja.

La kwanza ni maarifa. Hujui bidhaa ipi inakupa faida na ipi inakula mtaji, au hujui kupanga bei.

La pili ni mtaji. Unajua la kufanya, ila fedha ya kununua mzigo haitoshi.

La tatu ni nidhamu. Unajua la kufanya na fedha ipo, lakini fedha ya duka inalipa ada ya shule, inachangia harusi na kununua vocha. Mwisho wa mwezi mzigo haurudi.

La nne ni soko. Wateja wamepungua kwa sababu iliyo nje ya uwezo wako.

Kocha anaweza kukusaidia katika tatizo la kwanza na la tatu. La pili hawezi kulitibu, na ukimlipa unapunguza mtaji ambao tayari ni mdogo. La nne halitibu pia, ingawa mtu mwenye uzoefu anaweza kukusaidia kujipanga.

Utalijuaje tatizo lako? Kwa daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa siku 30 andika kila siku mambo matano: umeuza kiasi gani, umenunua mzigo wa kiasi gani, umelipa gharama gani, umekopesha nani, na umechukua kiasi gani kwa matumizi ya nyumbani. Baada ya mwezi, jumlisha. Watu wengi hupata jibu lao hapo hapo kabla ya kuonana na kocha yeyote. Na ukiamua kumwita, daftari hilo ndilo atakaloanza nalo. Kocha anayekubali kuanza kazi bila kuuliza mauzo na gharama zako anakubali kutibu bila kupima.

Kumbukumbu zina faida nyingine pia. Kwa viwango vya kodi vilivyowekwa mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo, mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu alitakiwa kulipa shilingi 100,000. Anayetunza alilipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 5 mwenye daftari alilipa shilingi 30,000, na jirani yake mwenye mauzo hayohayo asiye na daftari akalipa 100,000. Viwango vinaweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, hivyo uliza ofisi ya TRA viwango vya mwaka huu.

Yale ambayo kocha hawezi kuyaponya

Karatu iko kwenye barabara ya kutoka Arusha kwenda geti la Ngorongoro, na sehemu kubwa ya fedha yake hutembea na magari ya watalii. Msimu mkubwa ni kati ya Juni na Oktoba, kisha mwishoni mwa mwaka hadi Februari. Mvua za masika zikishika, Aprili na Mei, hoteli na kambi hupunguza wafanyakazi, na fundi, muuza mboga na dereva wote huona tofauti. Kocha aliyezoea biashara za mjini akikuta mauzo yako ya Aprili yameshuka anaweza kudhani huduma yako ni mbaya, kumbe ni masika.

Kuna pia mitikisiko mikubwa. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230 kutoka nje. Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipoifunga dunia, waliingia 620,867 tu. Mwenye duka la vinyago aliyekosa wateja mwaka huo hakuwa amekosea lolote.

Kabla ya hapo, Agosti 2017, India iliweka ukomo wa kuagiza mbaazi kutoka nje. India ndiyo ilikuwa mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu, na bei kwa wakulima wa kaskazini ikaanguka. Hakuna mafunzo ya kujiamini yangeweza kuirudisha bei ile. Kilichowasaidia wengine ni kutokutegemea zao moja au mnunuzi mmoja.

Kwa walio ndani ya eneo la hifadhi kuna jambo la ziada. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 kama eneo ambalo watu, mifugo na wanyamapori huishi pamoja, na kilimo na ujenzi ndani yake vina masharti yake. Ushauri wa "jenga fremu" au "fungua shamba la mboga uuzie hoteli" unaweza kuwa mzuri Karatu mjini na usiwezekane kabisa upande wa pili wa geti. Kocha asiyejua hilo atakuandikia mpango mzuri wa biashara isiyoruhusiwa.

Tafiti zimeonyesha nini

Swali la kama ushauri hukuza biashara ndogo limepimwa, tena katika nchi zinazofanana na yetu.

Dar es Salaam, watafiti waliwafuatilia wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya PRIDE. Baadhi walipewa mafunzo ya biashara ya vipindi 21 vya dakika 45. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa mafunzo yaliinua biashara za wanaume, ila kwa wanawake mauzo na faida havikubadilika sana. Mwanamke anaweza kujifunza somo lilelile, lakini kazi za nyumbani na mahitaji ya familia humpunguzia muda na uhuru wa kulitumia. Hilo linajulikana na kila mama anayefunga genge saa kumi na moja ili awahi kupika.

Nchini Ghana, washauri wa kulipwa walipelekwa kwa mafundi cherehani. Mafundi walifuata ushauri kwa muda, faida yao haikuongezeka, na baada ya kama mwaka mmoja wengi wakarudi kwenye taratibu zao za zamani.

Utafiti wa Dandora, Nairobi, uliochapishwa mwaka 2018, unatugusa zaidi. Wanawake wenye biashara changa waligawanywa. Wengine walihudhuria darasa, na wengine waliunganishwa na mwanamke mfanyabiashara mzoefu wa mtaa huohuo. Darasa halikuongeza faida. Waliopata mlezi, faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20. Sababu kubwa ni kwamba walezi waliwaonyesha wapi pa kupata mzigo kwa bei nafuu. Lakini faida hiyo ilififia kadiri walivyoacha kukutana.

Kule Lomé, Togo, biashara 1,500 zilishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2017. Mafunzo ya kawaida ya hesabu na masoko hayakuleta ongezeko la faida ambalo watafiti waliweza kulithibitisha. Mafunzo ya kumjengea mtu tabia ya kuanzisha mambo mwenyewe, kuweka malengo na kutokukata tamaa yaliongeza faida kwa asilimia 30.

Tukizisoma pamoja tunapata mambo matatu. Darasa la jumla mara nyingi halitoshi. Mtu anayelijua soko lako huweza kukufaa kuliko mtaalamu asiyelijua. Na msaada unaobadilisha tabia hudumu kuliko unaokupa karatasi.

Piga hesabu ya ada

Tuchukue mfano wa mama lishe karibu na stendi. Anauza sahani 24 kwa siku kwa shilingi 2,500, yaani shilingi 60,000. Akitoa gharama zote anabaki na 12,000. Kwa maneno mengine, katika kila shilingi 100 anayouza, 20 ni zake.

Kocha anamwambia: miezi mitatu, shilingi 300,000. Si fedha kubwa kwa kuisikia. Lakini ili mama huyu airudishe ada kwa kuongeza mauzo, anahitaji mauzo mapya ya shilingi 1,500,000, kwa sababu ni sehemu moja tu katika tano inayobaki mkononi. Kwa siku 26 za kazi kila mwezi, miezi mitatu ni siku 78. Inabidi auze zaidi kwa kama 19,200 kila siku, karibu sahani nane za ziada. Kutoka 24 kwenda 32, na ianze siku ya kwanza. Na hapo amerudisha ada tu, hajapata kitu.

Sasa tuseme kocha, au daftari, amegundua kwamba kila siku shilingi 5,000 zinapotea: chakula kinachobaki, mkaa unaonunuliwa kwa kopo badala ya gunia, na wateja wanaokula kwa mkopo wasirudi. Akiziba tundu hilo, siku 78 zinampa 390,000 bila mteja mpya hata mmoja.

Kwa hiyo, kwa biashara yenye faida ndogo kwa kila shilingi inayouzwa, ushauri wa kupunguza gharama hurudisha ada mapema kuliko ushauri wa kuongeza mauzo. Kocha akizungumzia matangazo na kupata wafuasi mtandaoni tu, muulize kuhusu gharama.

Kanuni rahisi: gawanya ada kwa faida yako ya siku. Kwa mama wetu, 300,000 kwa 12,000 ni siku 25. Anamlipa kocha kazi yake ya mwezi mzima. Je, yuko tayari? Na kama inabidi akope ili alipe, hasa ile mikopo ya kausha damu yenye riba ya wiki kwa wiki, jibu ni hapana. Mkopo wa namna hiyo humaliza faida ya ushauri kabla haujaanza kufanya kazi.

Anza na msaada ulio karibu

Kabla ya kulipa, pitia milango hii.

Halmashauri. Karatu na Ngorongoro kila moja ina maofisa maendeleo ya jamii na maofisa biashara, na kuwauliza hakuna ada. Ofisi za Halmashauri ya Ngorongoro ziko upande wa Loliondo, hivyo aliye tarafa ya Ngorongoro aanze na ofisi ya kata yake. Hao ndio pia wanaoshughulikia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Kama tatizo lako ni mtaji, mlango huu unakufaa kuliko kocha.

SIDO. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo lilianzishwa mwaka 1973 na lina ofisi mikoani, ikiwemo Arusha. Hutoa mafunzo ya usindikaji wa vyakula, vifungashio, teknolojia na uendeshaji wa biashara. Kwa anayetaka kusindika asali, siagi ya karanga au viungo ili auzie hoteli, ushauri wa SIDO una uzito kuliko wa kocha asiyejua masharti ya ubora. Jumlisha nauli ya kwenda Arusha na siku utakazofunga biashara.

Kikundi chako. VICOBA au SACCOS ina watu wenye biashara kama yako. Kikundi cha watu kumi wanaochanga shilingi 20,000 kila mmoja kinaweza kumleta mhasibu au mzoefu kwa siku nzima, kwa ada ambayo mmoja peke yake asingeimudu.

Mzoefu wa karibu. Kumbuka Dandora. Tafuta mtu anayefanya kazi kama yako lakini asiyegombea wateja wako. Kama una genge Karatu mjini, mwenye genge wa Mto wa Mbu anaweza kukuambia mengi bila wasiwasi. Mfuate kwa heshima, mpe muda wa kukuzoea, na kubali kumsaidia naye.

Lini inafaa kulipa

Kuna hali ambazo ada inastahili. Unapotaka kuvuka hatua usiyowahi kuivuka: kuanza kuuzia hoteli zinazodai ankara na risiti za mashine, kusajili kampuni, kuajiri watu wa kwanza, au kugawana biashara na ndugu. Vilevile pale unapojua la kufanya lakini miezi inapita hulifanyi, na unahitaji mtu wa kukudai hesabu kila wiki. Na wakati mzuri wa kuanza ni karibu na mwisho wa msimu mkubwa, fedha ikiwa bado ipo na kazi ikianza kupungua, ili msimu ujao ukukute tayari.

Ukiamua, muulize maswali haya:

Umewahi kuendesha biashara yako mwenyewe? Ipi, na iko wapi sasa?

Nipe watu watatu uliowasaidia katika wilaya hii niongee nao. Waulize faraghani kilichobadilika, kwa namba.

Unajua nini kuhusu msimu wa hapa, siku za mnada, na masharti ya hifadhi?

Tutapima nini baada ya wiki sita?

Tukiona hakuna mabadiliko, tunaachana vipi?

Kisha andikeni makubaliano, hata ukurasa mmoja: kazi gani itafanyika, mara ngapi mtakutana, wapi, ada kiasi gani na italipwa lini. Lipa kwa awamu, kamwe usilipe yote mwanzoni. Wote wawili wasaini mbele ya shahidi. Kama anatumia jina la biashara, unaweza kuuliza BRELA kama limesajiliwa. Andika pia kwamba hesabu zako hatazionyesha kwa mtu mwingine. Karatu ni mji mdogo, na anayekushauri leo anaweza kesho kumshauri mshindani wako.

Dalili za kukataa

Acha mara moja ukiona mtu anaahidi faida ya kiwango fulani, anakuharakisha ulipe leo kwa sababu "nafasi zinaisha", anakutaka ulete watu wengine ili upunguziwe ada, au anataka kushika simu yako ya miamala. Mtu wa kukushauri hahitaji namba yako ya siri. Jihadhari pia na anayekuuzia mkopo, bima au bidhaa ndani ya ushauri, kwa kuwa hapo anauza mali yake na ushauri ni chambo.

Baada ya wiki sita fungua daftari lako. Kama kuna namba iliyobadilika kwa sababu ya kazi mliyofanya, endelea. Kama kilichobadilika ni maneno tu, mshukuru na umalize naye kwa amani. Biashara ni yako, na hata mshauri aliye bora ataondoka siku moja akuachie uendelee mwenyewe.